Dereva wa Greda na Theluji Iliyogeuka Uji

Nyumba ya Veijo Kinnunen niliijua kwanza kwa dohani yake, mlango nikaujua baadaye. Miaka arobaini nimepita vijiji vya jimbo letu la Kainuu, huku kaskazini kwenye theluji, na brashi begani, nikisafisha dohani za watu, na sasa kazi nimeiacha lakini miguu haijapata habari. Vuli ikifika natoka tu. Wenyeji wananipa kahawa, nachungulia dohani yao kwa mazoea, nalala kwenye kijumba chao cha sauna, kile cha kuogea mvuke, kesho nashika njia.

Novemba iliyopita niliingia Hietavaara, nyumba ishirini na tatu kando ya ziwa, nikiwa na nia ya kukaa siku mbili. Nikakaa wiki nzima. Kilichonishika ni theluji, na wala haikuwa theluji ya nje, maana nje ardhi ilikuwa bado nyeusi. Ilikuwa theluji iliyomo ndani ya kompyuta ya Veijo.

Veijo ni dereva wa greda la kusukuma theluji. Ni mtu mkubwa wa mwili, mdogo wa maneno. Ukimsalimu Jumatatu anaweza kukujibu Jumanne. Mkewe Raija ni mpishi wa shule, naye anasema kwa niaba ya wote wawili, na bado yanabaki ya kugawia majirani. Binti yao alishahamia Tampere zamani, akaacha chumba na kompyuta.

Hiyo kompyuta ndiyo chanzo. Miaka minane nyuma Veijo alianguka kutoka ngazi ya greda, mgongo ukamweka kitandani miezi mitano. Mtu ambaye kila majira ya baridi anaondoka nyumbani saa kumi alfajiri, leo analala akitazama dari! Raija aliona atapata wazimu, akambebea ile kompyuta kitandani. "Cheza karata," akamwambia. Veijo hakucheza karata. Alikuta programu ya bure ya kutengenezea picha zinazotembea, akaanza kujifundisha, kitufe kimoja baada ya kingine. Mgongo ukapona, yeye akaendelea. Miaka minane, kila jioni baada ya chakula, saa moja au mbili, mlango umefungwa.

Raija alijua anatengeneza theluji. Alikuwa ameona vipande, juu ya bega la mume, akipita na nguo za kufua. Zaidi ya hapo hakuna binadamu aliyeonyeshwa.

Mimi nilipofika, Jumamosi, nilikuta nyumba imechangamka kupita kawaida yake. Tulikaa mezani na kahawa na mkate wa iliki, Raija akanisogezea karatasi.

"Soma hiyo, mzee. Kwa sauti, na huyu naye asikie tena."

Ilikuwa tangazo la maktaba ya mji. Januari wangeangaza picha kwenye ukuta mweupe wa kinu cha zamani cha nafaka, ule unaotazama uwanja wa soko, ukuta wa ghorofa sita. Walitaka kazi moja tu ya sanaa ya kompyuta, na mwenye kuitengeneza awe mkazi wa wilaya. Waamuzi ni watatu, kila mmoja anakaa mji wake, kwa hiyo mtu asilete faili. Aiweke video yake mtandaoni, mahali popote anapopenda, kisha atume kiungo. Mwisho ni Ijumaa, saa sita kamili mchana.

"Sasa?" nikamuuliza Veijo.

Veijo akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Nilifikiri," akasema, "labda."

Raija akapiga meza. "Umesikia? Labda! Kwa huyu, mzee, hilo ni tarumbeta. Siku aliyoniposa alisema hivyohivyo, labda."

Jioni hiyo, baada ya sauna, uso bado mwekundu, Veijo alinionyesha. Nieleze vipi? Dakika saba. Giza, halafu taa moja ya barabarani, halafu theluji inaanza. Kwanza ile kavu ya baridi kali, chembe ndogo zinazometa na zisizo na haraka. Kisha upepo unaingia, inakwenda upande. Kisha chembe zinanenepa, zinashikana, zinakuja nzito na polepole kama manyoya, na mwishoni ni ile ya Aprili, yenye maji, inayoanguka kwa kishindo kidogo. Hakuna mtu wala nyumba mle. Na kila chembe ina njia yake. Ukiikamata moja kwa jicho unaweza kuifuata mpaka ardhini, ukaiona inapolala.

Mimi shule niliiacha mapema, mambo ya sanaa sijui. Ila nilijikuta nimeinua kola ya shati.

"Ziko ngapi?" nikauliza.

"Milioni mbili na kidogo."

"Na kila moja umeipangia wewe?"

"Uzito wake tu, na upepo. Kuanguka zinaanguka zenyewe."

Nikaelewa kwa nini mtu huyu mzima alikuwa halali. Theluji ile ilikuwa kamili pale chumbani. Swali lilikuwa itapita wapi ifike kwa waamuzi watatu, na ikifika itakuwa bado ni theluji?

Jumapili walijaribu kwenye ile tovuti kubwa, ile ambayo dunia nzima inapita kila siku kutazama paka, mapishi na mipira. Raija ndiye aliyeipendekeza. Rahisi, bure, kila mtu anaijua njia yake. Veijo akapakia, tukangoja, ikakubali. Tukasogeza viti vitatu mbele ya skrini, Raija na aproni yake, kama watu wa kanisani.

Taa ya barabarani ilikuja vizuri. Giza lilikuja vizuri. Theluji ilipoanza, Veijo akasimama.

"Uji," akasema.

Na kweli ulikuwa uji. Uji wa shayiri, tena uliopoa. Palipokuwa na chembe sasa pana madoa ya mraba yanayotambaa na kuvutana, na upepo ulipoingia skrini yote ikawa kama mtu amepitisha kiganja chenye mafuta juu ya kioo.

"Labda macho yetu," nikasema, kwa kumpoza.

"Macho yetu yako sawa." Halafu, kwa vile jambo lilihusu theluji, Veijo akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinieleza kwamba tovuti zote zinabana video ili ziwe nyepesi kusafiri. Zinatazama picha moja na inayofuata, zinasema: huu ukuta haujasogea, hauna haja ya kubebwa tena, huyu mtu kasogeza mkono tu, tubebe mkono. Ukiwa unaonyesha paka amelala, hakuna shida. "Lakini theluji," akasema, "kila kitu kimesogea. Kila mahali, kila mara. Mashine inazidiwa. Basi inapakaa."

"Kama wale vijana wa jikoni kwangu," Raija akasema, "ukiwapa sahani mia kwa mara moja wanafuta zile za juu tu."

"Kabisa."

"Basi futa hiyo aibu, tutafute pengine."

Jumatatu ilikuwa zamu ya tovuti ya watu wa filamu. Ile ni safi, haina kelele, haina matangazo ya sabuni. Raija alikuwa ametoka shuleni na mfuko wa viazi, hata koti hakuvua, akaja kusimama nyuma yetu. Chembe zilionekana! Zote hapana, lakini nyingi. Veijo alisogeza pua hadi karibu kugusa kioo, na niliona masikio yake yanapata rangi. Ikafika dakika ya pili na nusu, ikakatika. Nafasi ya bure ilikuwa imejaa. Theluji yake ni nzito, uzito wa video thelathini za watu wengine. Ukitaka yote, kuna ada ya kila mwaka, na siku ukiacha kulipa wanaiondoa.

"Ikate iwe dakika mbili," nikasema mimi mjinga.

Veijo alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekuomba ukate ziwa.

"Dakika mbili inakuwa ni theluji moja tu. Haijabadilika."

"Na hiyo ada?" Raija akauliza.

"Kama ingekaa vizuri ningelipa. Lakini haikukaa vizuri. Hapa," akaonyesha kwa kidole kinene, "hii ya upepo imepakwa kidogo."

"Kidogo wapi? Mimi sioni."

"Mimi naona."

Raija akavua koti, akaenda kumenya viazi. Nilimsikia jikoni akiviambia viazi kwamba ameolewa na mtu anayehesabu theluji.

Jumanne Veijo akaipata Ghala. Jina lenyewe ni la Kijerumani na maana yake ni hiyohiyo, ghala. Ni tovuti ndogo inayoendeshwa na watu tisa wa Bremen kwa kujitolea, kama sisi tunavyojitolea kujenga banda la jirani, kila mtu na nyundo yake. Hawabani kitu. Faili unavyoileta ndivyo inavyokaa. Akatazama kazi za wengine mle: mtu kachora moshi, mtu kachora mchanga, mwingine kundi la nzi. Vitu vilevile ambavyo tovuti kubwa zinavifanya uji! Veijo alicheka. Nasema kweli, alicheka peke yake chumbani, mpaka Raija akatoka jikoni na kisu mkononi kuja kuona kuna nini.

"Wako wengine," Veijo akamwambia, akionyesha skrini. "Raija, wako wengine kama mimi."

"Mungu awasaidie wake zao," Raija akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Ghala ilikuwa na sharti moja. Kwa kuwa nafasi ni chache, mgeni anajieleza kwanza kwa walinzi wake: wewe ni nani, na kwa nini watu waitazame kazi yako?

Hapo sasa ndipo mtu wetu alipokwama. Maana huku kwetu mtu hajisifu. Akijenga nyumba nzuri anasema paa halivuji. Akipata mtoto mwenye akili anasema yuko mzima. Ukimwambia Veijo anyanyue gogo, atanyanyua. Ukimwambia asifu gogo alilonyanyua, utamwua. Alikaa saa mbili mbele ya kile kisanduku cheupe, na Kiingereza chake cha shule, akatoa sentensi nne. Raija alikuwa ameshakwenda kwa dada yake jioni hiyo, kwa hiyo nilizisoma mimi tu:

"Mimi ni dereva wa greda. Nina video ya theluji. Si kitu cha ajabu. Kama hamna nafasi hakuna neno."

"Mbona sawa," nikamwambia. Na kweli niliona sawa! Mimi pia ni wa huku.

Akatuma.

Jibu lilikuja Jumatano mchana, kutoka kwa mlinzi mmoja, mwanamke aitwaye Wiebke. Lilikuwa la adabu sana. "Ndugu Veijo, asante kwa kuwa mkweli. Nafasi zetu ni chache, na kwa kuwa wewe mwenyewe unaona kazi yako si kitu cha ajabu, nafasi tumempa mwingine. Tunakutakia heri."

Veijo alilisoma mara mbili. "Ana haki," akasema. Akainuka kwenda kupasua kuni.

Raija alirudi kutoka kazini, akauliza kulikoni kuni zimejaa hadi mlangoni, nikamwonyesha barua zote mbili, ile ya kwenda na ile ya kurudi. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akafungua dirisha.

"Veijo! Wewe! Weka shoka, njoo ndani!"

Akaja, na vipande vya magome kwenye sweta.

"Si kitu cha ajabu? Umemwandikia mtu wa Bremen kwamba si kitu cha ajabu?"

"Nisemeje sasa? Nijipigie ngoma?"

"Sikiliza, mume wangu. Miaka ishirini na tisa unakula chakula changu, na kila siku unaniambia kinalika. Mimi najua kinalika ni nini. Najua ukisema kinalika utaongeza sahani ya pili. Huyo mama wa Bremen atajuaje? Amekusoma kama ulivyoandika!"

Veijo akanitazama mimi, kama mshitakiwa mwenzake. Nikatazama kahawa.

"Miaka minane," Raija akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Miaka minane nimekaa upande huu wa huo mlango. Sikulalamika. Nilisema moyoni, siku moja atatoka na kitu. Sasa umetoka nacho, na umempa mtu sababu ya kukikataa kabla hajakiona. Siku zimebaki mbili. Mwandikie tena. Mwandikie ukweli."

"Niliandika ukweli."

"Uliandika adabu."

Veijo hakuandika Jumatano. Alikaa pale, akaandika neno, akafuta, akaandika, akafuta. Saa tatu akalala.

Alhamisi alfajiri simu ikalia, na nilipotoka kijumba cha sauna nikajua kwa nini, maana nilizama hadi kwenye kifundo. Theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanguka, ile kavu, bado inashuka. Greda lilikuwa tayari limeshaondoka. Njiani pamebaki alama zake na ukuta mdogo mweupe kila upande. Nilisimama kidogo kwenye kile kimya cha asubuhi ya kwanza. Wenye kukijua wanakijua.

Veijo alirudi saa nne, akapita jikoni na kofia kichwani na buti miguuni, akiacha maji sakafuni, na Raija, ambaye angemwua mtu yeyote kwa sababu ya sakafu ile, akampisha. Alikuwa hajaenda shuleni, mabasi ya wanafunzi yalikwama. Tulimsikia Veijo akiandika. Hakukaa hata kwenye kiti. Aliandika amesimama, vidole vinanuka dizeli, bila kufuta kitu. Kisha akatuita.

"Someni. Kama ni majivuno niambieni."

Nimeinakili, maana nilimwomba ruhusa:

"Ndugu Wiebke. Naendesha greda la theluji miaka thelathini na moja. Theluji ikianguka, mimi ndiye wa kwanza kuiona, na mimi ndiye wa kwanza kuiharibu. Watu wakiamka wanaona barabara. Nimetengeneza ile wasiyoiona. Inaanza na ile kavu na inaisha na ile ya Aprili, na kila chembe ina uzito wake. Nimejaribu kwingine, wakaibana ikawa uji. Kwenu haitabanwa, ndiyo maana nimekuja kwenu. Nadhani ni nzuri."

Raija alisoma akiwa ameshika mdomo. Alipofika mwisho akarudia yale maneno matatu kwa sauti ndogo. "Nadhani ni nzuri."

"Nayafuta?"

"Ukiyafuta nakuhama."

Akatuma. Alhamisi ikapita, hakuna jibu. Theluji ikaendelea, Veijo akarudi kwenye greda.

Ijumaa saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Raija na mimi tukiwa mezani, kompyuta ikalia chumbani. Raija alifika kabla ya mlio kwisha.

"Sasa umesema," Wiebke alikuwa ameandika. "Miaka arobaini na sita naishi duniani, sijawahi kufikiri juu ya mtu anayefika kwanza. Mlango uko wazi. Ilete."

Raija akapiga ukelele, akanikumbatia mimi na brashi ya vyombo pamoja. Akampigia Veijo kwenye greda.

"Wamekubali! Nibonyeze wapi? Wapi? Hiki cha kijani? Nimebonyeza. Veijo, inasema... inasema saa tatu na dakika arobaini."

Tukatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika arobaini kutoka pale ni saa tano na nusu, na mwisho ni saa sita. Mtandao wa Hietavaara unapita msituni kwa hisani ya miti, na siku ya theluji miti haina hisani.

"Hakuna mtu kugusa kitu," Raija akatangaza. Akazima televisheni. Akazima simu yake, akanyoosha mkono nimpe yangu. Nikamwambia yangu haina mtandao, ni ya kupigia tu. "Izime hata hivyo. Sitaki hata iwaze." Akataka kuzima jokofu, nikamzuia.

Sasa Veijo kule barabarani atajuaje imefika wapi, na simu zote zimezimwa? Njia yake ilipita mbele ya nyumba yao, akienda mpaka daraja la ziwa na kurudi. Raija akachukua kalamu nene ya binti yao na kalenda ya mwaka uliokwisha. Tuliposikia greda linanguruma kutoka kwenye kona, aliandika asilimia iliyokwisha kupanda nyuma ya Januari akaibandika dirishani: 14. Greda likapita, taa ya manjano inazunguka juu, honi ikalia mara moja.

Nyuma ya Februari, 31. Honi moja.

Nyuma ya Aprili ikawa 46, na greda lilipopita tena ilikuwa bado 46. Ilikuwa imesimama. Raija alikaa mbele ya skrini akiisemesha kama ng'ombe anayezaa. "Haya mama, haya, kidogo tu, sukuma." Greda lilipita polepole sana mara ile, na honi haikulia. Nilimwona Veijo ndani, uso mkubwa umegeukia dirisha letu. Raija akanyanyua mikono hewani, kumwambia sijui. Dakika kumi na mbili. Halafu ikawa 47, na Raija akakimbia dirishani na karatasi ya Mei ingawa barabara ilikuwa tupu.

Ilifika mwisho saa tano na dakika thelathini na nane. Kwa bahati greda lilikuwa karibu. Raija hakuandika namba, alitoka nje na aproni, kwenye theluji ya magotini, akipunga kalenda nzima. Veijo akasimamisha lile dude katikati ya barabara, injini inanguruma, akaingia na buti.

Ukurasa ulikuwa na swali la mwisho. Nani aruhusiwe kuitazama: watu wote, au wale tu utakaowaruhusu? Kidole cha Veijo, Mungu amhurumie, kilianza kuteremka kuelekea lile la pili.

"Veijo!"

"Nilikuwa nasoma tu."

"Soma la juu."

Akabonyeza la juu. Ikafunguka. Na hapo, katika ghala la watu wa Bremen, theluji ya Hietavaara ikaanza kuanguka, kavu, inametameta, chembe kwa chembe. Upepo ukaingia, na hakuna kilichopakwa. Veijo alisogeza pua kwenye kioo, akakaa hapo, kisha akarudi nyuma taratibu, akavua kofia.

Raija ndiyo mara yake ya kwanza kuiona yote. Kiungo kilitumwa saa tano na dakika arobaini na saba, na yeye bado alikuwa ameketi anatazama, hata hakugeuka. Ilipokwisha ile ya Aprili alipangusa uso kwa aproni.

"Inatazamika," akasema.

Masikio ya Veijo yakawa mekundu kama ametoka sauna. Akatoka nje haraka, akapanda greda, akaenda zake, na honi niliisikia mpaka darajani.

Ukuta walimpa. Barua ilikuja Desemba. Veijo alisema, "Basi imetokea hivyo," na Raija akanipigia mimi simu nikiwa Sotkamo kunitafsiria kwamba mume wake hajalala siku mbili kwa furaha.

Januari nikarudi kwa ajili hiyo tu. Watu walijaa uwanja wa soko saa kumi na moja jioni, na giza letu lile la Januari, na themosi zao na watoto kwenye vigari vya kuteleza. Raija alikuwa mbele kabisa na koti jipya. Veijo hakuwepo. Tangu mchana theluji ilikuwa inamwagika kama gunia limepasuka, na theluji ikianguka dereva wa greda hana sherehe.

"Mwaka mzima wa kuchagua," Raija alikuwa akimwambia kila aliyemkaribia, "nayo inachagua leo!"

Taa za uwanja zikazimwa. Ukutani, ghorofa sita, ikawaka ile taa moja ya barabarani, na theluji ya Veijo ikaanza nyuma ya theluji ya Mungu. Nakwambia, hatukuweza kuzitofautisha. Mtoto mmoja karibu yangu alinyoosha ulimi kuonja ya ukutani. 

Ndipo likasikika greda, linakuja kusafisha barabara ya soko kama inavyotakiwa. Likaingia pembeni mwa uwanja, bapa lake la chuma la kusukumia theluji limeshuka, taa ya manjano inazunguka. Likasimama. Bapa likapanda juu polepole, injini ikazimwa, na hata ile taa ya manjano ikazimwa. Kwa dakika saba Veijo Kinnunen alikaa gizani ndani ya greda lake, na barabara yote ya soko ikajaa theluji mbele yake, wala hakuigusa.